Kurekebisha Usimamizi wa Maziwa ya Delta ya Tana: Mwongozo Kamili, Kuanzia kwenye Maji

Mvuvi wa Shakababo hahesabu miaka kwa kalenda. Anahesabu kwa mto: mwaka ule ulifika, mwaka ule haukufika. Kaa naye kivulini kwa saa moja na utaelewa jambo ambalo mafaili mengi ya ofisini hulikosa, kwamba maziwa ya delta hayana chemchemi yake yenyewe. Shakababo, Bilisa, Moa na vidimbwi vingi visivyoandikwa kwenye ramani ni mabonde na njia za kale za mto. Hujaa pale Tana unapofurika wakati wa masika, kati ya Aprili na Juni, na tena kidogo wakati wa vuli, Novemba na Desemba. Mto ukifika, samaki huingia kutaga, nyasi huota, visima hurudisha maji matamu. Usipofika, kamati zote za ziwa hubaki kusimamia matope.

Hata hivyo, mageuzi ya maziwa yetu huanzia mahali rahisi: kuhesabu nyavu, kuchagua mwenyekiti, kuchapisha fulana za mradi. Mwongozo huu unapanga kazi kwa mpangilio mwingine. Unaanza na maji, unapita kwa watu na ardhi, na samaki wanakuja baadaye. Umeandikwa kwa viongozi wa vikundi vya wavuvi, jumuiya za watumiaji maji, wazee, maafisa wa kaunti za Tana River na Lamu hapa Kenya, na kijana yeyote mwenye daftari na subira. Anayesoma kutoka Rufiji, Tanzania, atakuta mengi yanayomhusu pia, nami nitamwita tukifika mahali pake.

Jipe miaka mitano. Anayekuahidi kumaliza kazi hii kwa miezi sita anauza kitu.

Hatua ya 1: Fuata maji kwa miguu

Kabla ya mkutano wowote, chagua ziwa moja na ulizunguke. Nenda na watu watatu: mvuvi mzee, mchungaji, na mwanamke anayechota maji au kukata mafunjo pale. Kila mmoja ataona ziwa tofauti. Tafuta mkondo ambao maji huingilia kutoka mtoni na ule wa kutokea. Kila unapokuta umezibwa, kwa tuta la shamba, kwa barabara iliyojengwa bila kalvati, kwa mchanga au kwa msitu wa mathenge, ule mti vamizi wa miiba, andika: umezibwa na nini, tangu mwaka gani, na nani anafaidika ukiendelea kuzibwa. Usishangae ukikuta kwamba sehemu ya tatizo lako inaweza kuondolewa kwa majembe na siku tatu za kazi. Hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na ni ushindi mzuri wa kuanzia.

Kisha simamisha mti wa kupimia. Chukua nguzo ya mti mgumu, ipake rangi kwa alama za kila sentimita 10, ichimbie pale penye kina kirefu panapofikika kwa mtumbwi au kwa kuonekana kutoka ukingoni. Mtu mmoja asome kila asubuhi saa ileile na kuandika kwenye daftari la shule. Kila Ijumaa apige picha ukurasa wa wiki na kuituma kwa watu watatu wanaokaa vijiji tofauti, ili daftari likilowa au likipotea, takwimu zibaki. Ziwa lililo karibu na bahari lipimwe chumvi pia. Kuna vipimo vidogo vya mkononi, lakini hata kuandika “leo maji yalikuwa na chumvi ya kuonjeka” ni rekodi bora kuliko kutoandika chochote. Misimu miwili ya mafuriko inatosha kukupa ushahidi ambao mshauri wa kulipwa hawezi kuuleta, kwa sababu yeye hakuwepo Mei.

Sehemu ya pili ya hatua hii hufanywa kwa ramani, maana mto una urefu wa karibu kilomita 1,000 na mambo mengi ya ziwa lako huamuliwa juu. Kuna mabwawa matano ya umeme yaliyopangana: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Masinga ndilo ghala, lina ujazo wa takribani mita za ujazo bilioni 1.56. Kazi ya ghala ni kumeza maji ya masika na kuyatoa kidogokidogo kiangazi. Kwa mwenye balbu Nairobi hiyo ni heri. Kwa ziwa ambalo linahitaji mto upande juu ya kingo kwa siku kadhaa, maji yaleyale yakigawanywa sawasawa mwaka mzima ni kama hayapo, kwa kuwa hayafiki kimo cha kuvuka ukingo. Weka jambo hili kichwani. Hatua ya nne yote imesimama juu yake.

Jambo la mwisho kwenye ramani: delta hii haijawahi kutulia. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi, na baadaye mto mkubwa wenyewe ukahamia njia hiyo, ndiyo maana leo unamwaga maji baharini Kipini. Mfereji wa mitumbwi ulihamisha mto. Mtu akikuambia atachimba “kidogo tu”, mkumbushe Belezoni.

Hatua ya 2: Andika haki jinsi watu wanavyoziishi

Delta ina wenyewe wengi kwa wakati mmoja. Wapokomo hulima kingo na kupanda mpunga na mahindi maji yakishuka. Waorma na Wardei huingiza ng’ombe kiangazi kutoka bara kame. Kuna wavuvi Wapokomo, Waluo na Wabajuni, na kuna Wagiriama waliohamia na kulima. Ardhi ileile ni shamba mwezi huu, malisho mwezi ule, na ziwa mwezi mwingine. Kwa hiyo ramani yenye mistari ya mipaka peke yake itakudanganya. Unachohitaji ni kalenda: safu ya miezi 12, na kwa kila mwezi nani yuko wapi, anatumia nini, anapita njia gani.

Neno la kuzingatia hapa ni malka, njia ya mifugo kufikia maji. Malka likizibwa na shamba, ng’ombe watapita shambani, na kuanzia hapo hadithi tunaijua sote. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii. Siasa za uchaguzi zilichochea moto, lakini kuni zilikuwa ardhi na maji. Weka kila malka kwenye kalenda yako kwa jina lake, upana wake na miezi yake, na uhakikishe wazee wa pande zote mbili, Gasa ya Wapokomo na Matadeda ya Waorma, wameitembea pamoja kabla ya kuitia sahihi. Waitembee kweli. Malka iliyokubaliwa hotelini hubadilika ikifika kijijini.

Angalia pia majira ya mikutano. Wakati wa mvua wafugaji wengi wameondoka deltani kuelekea nyanda kame za bara zenye malisho mapya. Ukiitisha kikao Mei utapata wakulima na wavuvi, utaandika “wananchi walikubaliana”, na Agosti wafugaji watarudi kukuta wamekubaliana bila wao. Panga vikao vya haki kati ya Januari na Machi, au Agosti na Oktoba. Na usivifanye vyote katika mji wa Garsen. Anayeishi kijiji cha Ozi anatumia pesa na siku nzima kufika, na anayefika kila mara ni yuleyule mwenye pikipiki.

Wanawake wapewe kikao chao kabla ya kile cha wote. Ninasema hivi bila kutaka kupendeza mfadhili: wao ndio wanaojua kisima kipi kiligeuka chumvi mwaka gani, na kwenye baraza kubwa hawaulizwi.

Hatua ya 3: Ipate meza moja

Hesabu walio na mkono katika ziwa lako. Mamlaka ya Rasilimali za Maji hutoa vibali vya maji. Mamlaka ya mazingira, NEMA, hushughulikia ardhioevu na tathmini za athari. Huduma ya wanyamapori ina viboko na mamba. Idara ya misitu ina mikoko, ile ya uvuvi ina samaki, serikali za kaunti zina mipango ya ardhi na ardhi ya jamii isiyosajiliwa. Halafu iko TARDA, Mamlaka ya Maendeleo ya Mito ya Tana na Athi, ambayo ina mkono katika mabwawa ya juu na pia ina ardhi kubwa huku chini. Kila mmoja ana sheria yake, gari lake na ramani yake. Ziwa halina mwenyewe.

Mfano unaotajwa duniani kwa jambo hili ni Chilika, ziwa kubwa la pwani katika jimbo la Odisha, India. Liliingizwa kwenye orodha ya ardhioevu muhimu za Mkataba wa Ramsar mwaka 1981, na 1993 likatiwa kwenye daftari la maeneo yaliyo hatarini kwa sababu ya mchanga na kupungua kwa chumvi na samaki. Jimbo lilikuwa limeunda mamlaka moja ya ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikiongozwa na waziri kiongozi wa jimbo mwenyewe. Hilo la uongozi ndilo lililoipa meno, kwa sababu mkuu wa idara hawezi kupuuza kikao ambacho bosi wake ndiye mwenyekiti. Mwaka 2002 Chilika likaondolewa kwenye daftari lile.

Je, tudai mamlaka mpya bungeni? Kwa maoni yangu, hapana. Tutapoteza miaka minne tukiandika mswada, halafu tutapata ofisi nyingine yenye gari. Katiba ya 2010 tayari imetupa kifaa: Kifungu cha 189(2) kinaruhusu serikali za kaunti, na serikali kuu pamoja nazo, kuunda kamati au mamlaka za pamoja. Tana River na Lamu zinaweza kutia sahihi hati moja ya maziwa na delta, magavana wawili wakipokezana uenyekiti. Hati hiyo isizidi kurasa kumi, na iseme waziwazi mambo haya: viti vingapi ni vya wavuvi, wafugaji na wakulima, na nani anawachagua, kikao hakifanyiki bila watu wangapi wa kila upande, hakuna kibali cha maji wala ardhi kitakachoungwa mkono na kaunti kabla ya kamati kukisoma, na kwamba kumbukumbu za kila kikao zitabandikwa kwa chifu ndani ya siku 14. Kipengele hiki cha mwisho ndicho watakachojaribu kukifuta. Kikatalie.

Chini ya meza hiyo, kila ziwa liwe na jumuiya ya watumiaji maji iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Kama kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, kipo, kiwe na wawakilishi ndani yake. Vyama viwili hasimu juu ya ziwa moja ni ugonjwa wa kawaida. Uponye mapema.

Hatua ya 4: Dai mafuriko

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi hukimbia kwa sababu inawakutanisha na watu wa umeme.

Anza na sheria. Sheria ya Maji inatambua akiba: kiasi na ubora wa maji unaohitajika kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa kulinda viumbe na mazingira ya maji. Akiba hiyo hutangulia vibali vya watumiaji wengine. Mara nyingi huhesabiwa kama mtiririko wa chini kabisa ambao mto usipungue. Hoja yako ni kwamba kwa delta, akiba ni pamoja na kimo, msimu na idadi ya siku. Mto unaotiririka mwembamba mwaka mzima haukauki, lakini unaua maziwa.

Pili, tafuta takwimu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa wa umma siku 21 za kujibu ombi la raia. Andika barua mbili. Moja kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji: vipimo vya kila siku vya kituo cha Garsen kwa miaka mingi kadiri vilivyopo. Nyingine kwa wasimamizi wa mabwawa: kiasi kilichotolewa Masinga na Kiambere kwa tarehe. Barua iwe fupi, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwako. Siku ya 22, kama hakuna jibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Usipige kelele kabla ya siku hiyo.

Tatu, linganisha. Chukua daftari la mti wa kupimia wa hatua ya kwanza na uliweke kando ya vipimo vya Garsen. Unatafuta jibu la swali moja: kipimo cha Garsen kikifika wapi, na kikikaa huko siku ngapi, ndipo maji huingia ziwani? Ukishalijua, umebadilisha kilio kuwa ombi. “Tunaomba maji zaidi” ni ombi linalokataliwa kwa sentensi moja. “Tunaomba Garsen ibaki juu ya alama hii kwa siku kadhaa mwezi wa Mei” ni ombi ambalo injinia analazimika kulipigia hesabu.

Nne, jadiliana kwa kutofautisha miaka. Mwaka wa mvua nyingi mabwawa yatamwaga tu, yapende yasipende. Hapo usiombe maji. Omba yapangwe na yatangazwe, yaani kutolewa mapema na kwa utaratibu badala ya kusubiri ghala lijae na kufurika kwa ghafla. Mwaka wa kawaida, omba wimbi moja la masika. Mwaka wa ukame, kubali kupata kidogo, na ukubali kwa maandishi. Mwenye bwawa akiona umekubali mapema kubeba sehemu ya hasara, atakusikiliza miaka mingine.

Wapo watakaosema mafuriko ya kupangwa ni ndoto. Waelekeze kwenye mlango wa mto Senegal. Bwawa la Diama lilipokamilika mwaka 1986 upande wa Mauritania wa delta uligeuka jangwa la chumvi. Hifadhi ya Diawling ilianzishwa 1991, na kuanzia katikati ya muongo huo milango ya maji ilifunguliwa kwa kuiga mafuriko ya zamani, ratiba ikijadiliwa na wenyeji. Samaki walirudi, malisho yakarudi, na wanawake wakarudia kukata nyasi za kusukia mikeka. Bwawa halikubomolewa.

Ndugu wa Rufiji, sasa nakuita. Maziwa yenu ya bondeni, Ruwe, Zumbi, Uba na wenzake, yanalishwa kwa njia ileile, na bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilianza kujazwa Desemba 2022. Kanuni za kutoa maji hukauka kama saruji: miaka ya kwanza ndiyo ya kuzifinyanga. Mnayo Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, mna mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji, na baadhi ya vijiji vyenu viliandika mipango ya mazingira tangu mwisho wa miaka ya 1990. Wekeni miti ya kupimia msimu huu.

Tahadhari moja, kwa sababu mafuriko si mchezo. El Niño ya 1997 ilivunja matuta ya mradi mkubwa wa mpunga deltani, na masika ya 2024 mabwawa yalifurika, vijiji vikahama usiku. Kila makubaliano ya kutoa maji yaambatane na onyo: ujumbe wa simu, redio ya eneo, na mtu aliyetajwa kwa cheo katika kila kijiji mwenye kazi ya kupiga hodi. Maji huchukua siku kadhaa kutoka Kiambere hadi Garsen. Muda wa kuonya upo.

Hatua ya 5: Ifanye ardhi iyaachie maji njia

Delta hii imewahi kuchorwa na wengi: mashamba ya miwa, mibono ya mafuta ya magari, mpunga wa maelfu ya hekta. Februari 2013 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi, iliagiza mpango wa matumizi ya ardhi uandaliwe kwa kushirikisha jamii. Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Delta ya Tana ukatoka mwaka 2015. Ulipima njia tatu, kubaki na desturi, kufuata kilimo kikubwa cha biashara, au kuchanganya kwa mizani, na ukachagua ya tatu. Kabla ya kuanza kuandika mpango mpya, usome huo. Nimeshuhudia pesa ya warsha ikiliwa na watu wanaobuni upya kitu kilichoko kabatini.

Kinachokosekana ni nguvu. Mambo mawili huipa. La kwanza, mabunge ya kaunti zote mbili yaupitishe upya na kuufungamanisha na vibali vya ujenzi na kilimo. La pili, vijiji visajili ardhi yao chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Ikishasajiliwa, kuiuza au kuibadilisha kunahitaji kura ya theluthi mbili ya wanajamii waliosajiliwa. Wazee watatu na kalamu hawatoshi tena. Wakati wa kusajili, ingizeni kalenda ya malka kama sehemu ya kanuni za jamii.

Kwa nini nasisitiza njia ya maji? Tazama St Lucia, Afrika Kusini, ziwa la pwani lililo ndani ya eneo la Urithi wa Dunia tangu 1999. Bonde la mto uMfolozi lililimwa miwa, mto ukaleta tope, na mwaka 1952 wakautenganisha na ziwa kwa kuuchimbia mlango wake wa baharini. Ziwa likapoteza chanzo kikuu cha maji matamu. Katika ukame wa miaka ya 2000 sehemu kubwa kabisa ya uso wake ilikauka. Walipoamua kuurudisha mto, wenye miwa walikwenda mahakamani, na kurudi kwake kulichukua zaidi ya miaka 60 tangu utenganishwe. Shamba likishakaa kwenye njia ya maji, linakuwa na wakili. Likatae kabla halijapandwa.

Kuhusu maendeleo yenyewe, msiseme “hatutaki” kwa kila kitu. Semeni mnataka nini. Mimi ningeanza na barafu. Kambale na ngege wa Shakababo huuzwa kwa bei ya kutupa au hukaushwa kwa moshi kwa sababu hakuna baridi. Kiwanda kidogo cha barafu Garsen na masanduku ya kuhifadhia kwenye bodaboda vitainua kipato bila kuongeza wavu hata mmoja. Maembe vilevile: yanaoza chini ya miti Januari huku mjini watu wanakunywa juisi ya paketi.

Hatua ya 6: Samaki

Fupi tu, kwa kuwa wavuvi wanajua kanuni kuliko mimi. Mkiweza kusimamia kanuni moja pekee, iwe hii: mafuriko yanapoingia, hakuna uzio wala mgono unaoziba mkondo wa kuingilia. Samaki wanaoingia wiki hizo ndio akiba ya mwaka mzima. Vyandarua vya mbu na makokoro ya macho madogo vifuate. Adhabu ziandikwe na BMU na zisomwe barazani, na mwenyekiti akikamatwa alipe mara mbili.

Wakumbusheni pia walio baharini kwamba kamba wa ghuba ya Ungwana hukulia kwenye mikoko na maji ya mlango wa mto huu. Uvuvi wa meli za kukokota ulisimamishwa huko mwaka 2006 baada ya ugomvi mrefu na wavuvi wadogo. Wana sababu ya kuketi nanyi mkidai mafuriko.

Hatua ya 7: Mlango wa bahari uguswe mwisho

Chumvi imepanda Ozi na Kipini, mashamba ya mpunga na minazi yameumia, na kila mara hutokea mtu mwenye wazo la kuchimba, kuziba au kunyoosha. Mkono wa subira unahitajika hapa. Kule Chilika walichimba mlango mpya Septemba 2000, na samaki waliovuliwa wakapanda kutoka chini ya tani 2,000 kwa mwaka hadi karibu tani 12,000 ndani ya misimu miwili. Lakini walichimba baada ya miaka ya vipimo vya mikondo na mchanga. Kule Gippsland, Australia, walifungua mlango wa kudumu mwaka 1889 kwa ajili ya meli. Maziwa yaliyokuwa na maji matamu yakaingiwa na chumvi, matete ya kingo yakafa, na mpaka leo hawajaweza kurudi nyuma. Maji yakimwagika hayazoleki, na hapa si fumbo.

Kwetu chumvi inapanda hasa kwa sababu mto umepungua nguvu ya kuisukuma. Kamilisheni hatua ya nne kwanza, pimeni chumvi kwa misimu minne, pandeni mikoko panapofaa, halafu ndipo muongee juu ya mashine.

Hatua ya 8: Pesa ina tarehe

Wengi hufika kwenye bajeti ya kaunti wakati imeshapikwa na kupakuliwa. Andikeni tarehe hizi ukutani: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Jambo lisilokuwemo kwenye mpango wa Septemba halina mahali pa kukaa Aprili. Na juu ya yote hayo kuna mpango jumuishi wa kaunti wa miaka mitano. Kama maziwa hayajatajwa humo, ombeni marekebisho kwa barua kwenda bunge la kaunti.

Ombeni vitu vidogo vinavyohesabika: kalvati mbili, posho ya wasomaji wa vipimo, kufukua mkondo mmoja. Fedha za wafadhili ziende kwenye usajili wa ardhi na vipimo, zisiende kwenye mishahara ya jumuiya. Mfadhili akiondoka mshahara hukatika, na jumuiya nayo hukatika.

Hatua ya 9: Kubalianeni juu ya mwaka ambao mto hautafika

Utakuja, na ukija hakuna atakayekuwa na moyo wa kujadiliana. Ziwa Kenyatta la Mpeketoni limewahi kukauka kwenye miaka ya ukame, viboko wakafia kwenye tope mbele ya macho ya watu huku kila upande ukimlaumu mwenzake. Andikeni mapema, mwaka ambao ziwa limejaa na watu wameshiba.

Ziwekwe alama tatu kwenye mti wa kupimia. Maji yakishuka hadi ya kwanza, pampu za mashamba zizimwe na nyavu zipunguzwe nusu. Ya pili, uvuvi usimame na mifugo inyweshwe kwa zamu kupitia malka zilizotajwa tu, wageni wakipangiwa siku zao na Matadeda. Ya tatu, maji ya kunywa ya watu yachotwe visimani, na kidimbwi kimoja cha kina kirefu, kilichochaguliwa na wavuvi wenyewe, kifungwe kwa kila mtu. Kambale watakaobaki humo ndio watakaolijaza ziwa mto ukirudi. Mlinzi wake alipwe kutoka mfuko wa faini za BMU, na awe mtu wa kijiji kisicho karibu na kidimbwi hicho, ili asiwe na shemeji wa kumwonea haya usiku.

Msomaji wa kipimo aendelee kuandika hata ziwa likiwa kavu. Aandike sifuri, na tarehe.